Ya Chini ya Kikombe

Sekela, mama,

Umetoka hapa saa sita na nusu kwenda kusukwa, na kwa jinsi ninavyomfahamu yule dada wa saluni ya Peckham na simu yake isiyonyamaza, hutarudi kabla ya saa kumi na mbili. Nina saa tano na ushee. Nimeosha vyombo. Nimefuta meza, nikaifuta tena. Nimekunja yale mashuka uliyosema nisiyaguse. Visingizio vimeniishia, basi nimekaa.

Sitakuandikia habari za koti wala za kula. Wali usioungua ulinifundisha wewe, na baridi ya huko chuoni Glasgow mtajuana nayo wenyewe. Namba za watu wetu wa huko shangazi yako Atu ameshakujazia kwenye simu, wengine ni wajomba ambao hata mimi sijawahi kuwasikia. Hayo yanatosha. Mimi nina jambo moja tu, na nimelizunguka miaka kumi.

Nakuandikia kwa Kiswahili na najua utasoma taratibu. Mimi na wewe tumezoea hivyo: mimi naongea Kiswahili, wewe unajibu Kiingereza, na jirani wa ukuta wa pili anadhani tunagombana. Lakini kwa Kiingereza mimi ni mtu mfupi, Sekela. Kwa Kiingereza nasema samahani, asante, tunafunga baada ya dakika kumi. Na hilo neno lao la samahani ndilo nisiloliamini kabisa. Watu wa hapa London ukiwakanyaga wewe, wao ndio wanakuomba radhi! Jambo hili nataka kulisema kwa lugha ambayo nikisema nimekosa, mwenyewe naumia. Ukikwama kwenye neno usimpelekee shangazi akutafsirie. Niulize mimi.

Nianze na chai, maana chai unaijua.

Babu yako alichuma chai kule Tukuyu tangu ujana mpaka mgongo ukagoma. Mvua ya kwetu ni kama ya hapa, haina haraka, ikianza asubuhi inakaa kutwa kama mgeni asiye na nauli. Alikuwa akirudi jioni anakaa jikoni kwenye kigoda, bibi yako anampa chai kwenye kikombe cha bati, kile cheupe chenye ukingo wa bluu na ua jekundu ubavuni, ambacho sasa ni changu na unakijua hadi pale kilipobanduka. Alikunywa polepole, mimi na Atu tukimtazama koo linavyopanda na kushuka. Maana hakuwahi kukimaliza. Kwetu mtu mzima hamalizi kikombe mbele ya mtoto, anambakishia. Funda la mwisho, lenye sukari yote iliyozama, lilikuwa letu kwa zamu, na zamu yenyewe tuliigombania mpaka kuvutana nguo. Tuliliita "ya chini". Ukisikia "njoo uchukue ya chini", unaacha hata mchezo.

Nawe nilikulea hivyo. Maneno ya Kiswahili uliyajua mengi ukakataa kuyatumia, ila hilo moja hukulibadilisha kamwe. Ukiniona tu nainua kikombe unakuja kusimama karibu na goti langu, na lile sweta jekundu la shule, unasema, "Baba, ya chini!" kwa sauti ya mtu anayedai haki yake mahakamani. Mama yako anacheka, anasema mtoto huyu meno yake yote yatatoboka. Wakati huo alikuwa bado hajaanza kuumwa.

Sasa nikupeleke kazini kwangu.

Unajua nakaa kwenye kiti ghorofa ya pili ya makumbusho, kwenye chumba ambacho wageni wanakipita wakielekea kwingine. Ulikuwa unawaambia rafiki zako kwamba baba analinda dhahabu. Si dhahabu, mama, ni vikombe vya pombe vya Warusi wa zamani. Vimetengenezwa kwa fedha, vikapakwa enameli, na hiyo enameli ni ile ile ya kikombe cha babu yako, rangi ngumu inayochomwa juu ya chuma mpaka ing'ae. Siku ya kwanza nilicheka peke yangu pale kitini. Nimevuka dunia nzima kuja kulinda vikombe vya bati!

Ila walikuwa mafundi, lazima niseme. Kwa nje wamechora maua makubwa makubwa ya njano na zambarau, kama vitenge vya sikukuu. Ndani ndimo mlimo na mambo. Kila kikombe kina picha ya kumwonya mnywaji. Kipo chenye mwanamke anajitazama kwenye kioo huku maua nyuma yake yamenyauka. Kipo chenye mzee amekumbatia mfuko kwa mikono yote miwili na chakula kipo mbele yake hakiliki. Kipo cha yule kijana wa kwenye Biblia aliyetapanya urithi, amepiga magoti katikati ya nguruwe. Na kipo kimoja kidogo, kinaenea kiganjani, cha pombe kali, ambacho kwa nje hakina makuu. Ndani, chini kabisa, kuna mwanamume amelala ameegemea pipa, kofia imemwanguka, mdomo wazi. Nyuma yake pana mlango uliofunguka kidogo. Na pale mlangoni pana doa jekundu.

Waliosoma wanasema lile doa ni kosa la tanuri, rangi ilichuruzika wakati wa kuchomwa. Sawa, wao ndio wenye kujua. Mimi nimelitazama miaka saba.

Kuna mama mmoja wa Kirusi, mtu mzima, namwita Bi Vera, anakuja mara mbili kwa mwaka kuvisafisha. Anavaa glavu, anafungua kabati, mimi namshikia taa. Anapenda kuongea akiwa kazini. Wiki chache baada ya mimi kuanza kazi alikiinua kile kidogo akakiinamisha ili nione ndani.

"Unajua kwa nini picha wameiweka chini?" akaniuliza. "Kikijaa haionekani. Mtu anakunywa, anacheka na wenzake, anakunywa. Akimaliza ndipo anakutana na sura yake."

"Wamechelewa kumwonya," nikasema. "Si ameshalewa?"

Alicheka mpaka akakiweka kikombe chini, akiogopa kukiangusha. "Ndivyo tulivyo. Kunywa kwanza, aibu baadaye."

Nami kwa kutaka kuchangia maongezi nikamwambia kwetu fundi huyo angepoteza muda wake. Nikamweleza habari ya babu yako na ya chini. Mtu mzima hamalizi kikombe, nikasema, picha hiyo asingeiona maisha yake yote.

"Basi angeiona nani?"

"Mtoto," nikasema.

Lilinitoka hivi hivi tu, jepesi. Halafu nikalisikia. Nikaishusha taa. Bi Vera akaniuliza kama nimechoka, nikasema ndiyo, nimechoka sana. Nikampa mlinzi mwenzangu taa, nikaenda kukaa chooni.

Unakumbuka darasa lenu lilipokuja? Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Watoto wa umri huo wanaona aibu hata baba akikohoa, lakini wewe ulinipungia mkono mbele ya wenzako wote, nikavimba kichwa. Mwalimu akasema kila mmoja achague kikombe akichore. Ukaja moja kwa moja kwenye kabati langu. Nikasimama mbele ya kile kidogo. Ukasogea kushoto, nikasogea kushoto. Ukasogea kulia, na mimi kulia.

"Baba, mbona unaziba?"

"Ndiyo kazi yangu," nikakujibu.

Ukaguna, ukachora mwanamke wa kioo. Mchoro huo uko kwenye friji mpaka sasa, umepauka, na kila nikitoa maziwa naukuta pale.

Mwezi wa kumi mwaka jana ulikaa kwenye kiti hiki hiki ukanisomea barua yako ya kuomba chuo. Uliisoma kwa Kiingereza na nilielewa yote, usidhani sikuelewa. Uliandika kwamba unataka kusomea ustawi wa jamii kwa sababu ulipokuwa na miaka tisa, mwanamke wa ofisi alikutenga na baba yako kwa kosa la treni. Treni zilisimama Stratford, baba akachelewa kukuchukua shuleni, na mtoto ukawaambia hivyo na hakuna aliyekusikiliza. Uliandika kwamba unataka kuwa yule anayesikiliza. Ulipofika pale pa "nilikuwa nasema kweli", ukaacha kusoma. Ukaniangalia. Ulikuwa unasubiri niseme kitu.

Nikainuka nikaenda kuosha sufuria iliyokuwa safi. Ukadhani nalia kwa uchungu wa yale waliyonitendea, ukaja ukanikumbatia mgongoni. Lo! Sekela, sijawahi kujichukia kama dakika ile.

Treni hazikusimama.

Nimeliandika. Nimeinuka nikazunguka jiko, nikachungulia dirishani, nikarudi. Bado lipo.

Mama yako alikuwa ana mwaka na miezi michache tangu atutoke. Mimi nilikuwa nafagia kule stesheni ya Stratford, zamu ya alfajiri. Ijumaa ile zamu ilikwisha saa sita mchana, treni ikaja kwa wakati wake, nikapata hata pa kukaa. Saa saba na robo nilikuwa nyumbani. Hapa, kwenye fleti hii hii, dakika nane kwa miguu kutoka shuleni kwako. Njiani nilikuwa nimenunua chupa. Vodka, ile ile ya kina Bi Vera.

Nilikuwa najiambia mimi si mlevi. Mlevi anaimba, mlevi anaanguka barabarani, mlevi anapiga watu. Mimi sikuwa na kelele na mtu. Nilikunywa peke yangu, mapazia yamefungwa, televisheni inaongea ili nyumba isiwe kimya. Huo ukimya ndio uliokuwa unaniua. Nguo za mama yako zilikuwa bado kabatini na sikuwa na mtu wa kumwambia kwamba siwezi kuzitoa. Kwa hiyo nilijiambia kidogo tu, halafu saa tisa na robo niende kukuchukua.

Simu ililia mara kumi na moja. Baadaye niliziona zote zimejipanga kwenye kioo cha simu. Walikuweka ofisini kwa katibu wa shule, ukachora, ukapewa biskuti, ukaambiwa baba anakuja. Halafu yule mwanamke wa ustawi wa jamii akaitwa. Yule wa koti la kijani, ambaye mpaka leo ukiona koti la rangi hiyo unanuna. Alikuja kugonga hapa mlangoni.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo hata shangazi yako halijui. Wanaojua kwamba nililewa wanadhani nilikuwa nimezimika. Sikuwa nimezimika, Sekela. Nilisikia hodi. Nilisikia akiita jina langu kupitia tundu la barua. Nilijua kabisa ni habari yako. Nikaona aibu ya kufungua mlango nikiwa vile, nikanusa mwenyewe harufu yangu, nikavuta blanketi nikajifunika mpaka kichwani. Nilikuwa mtu mzima, baba wa mtu, nimejificha chini ya blanketi kwenye sofa.

Saa mbili usiku nikapiga simu. Nilikuwa nimenawa uso, nimetafuna majani ya chai kuua harufu. Nikasema treni zilisimama Stratford, tulifungiwa ndani, simu haikuwa na mtandao. Neno lilikuja lenyewe, kwa Kiingereza safi, mimi ambaye Kiingereza kilikuwa kinanipiga chenga kila siku. Wakaniambia sawa, tutakutana Jumatatu, mtoto amekwenda kwa shangazi yake.

Haikuwa mara ya kwanza. Mara mbili kabla ya hapo nilikuja shuleni nimechelewa, nikitembea kama niko juu ya mawe, na walimu waliandika. Wewe ulidhani nilikuwa nakuchekesha.

Jumatatu tulikaa kwenye kile chumba chenye midoli. Yule mama akakuuliza kwa upole ilikuwaje. Ukasimama. Ulikuwa mdogo hivi, kichwa kinalingana na changu nikiwa nimekaa, ukapiga meza kwa kiganja, ukasema treni zilisimama, baba hajakosa, treni ndizo zilizosimama! Kisha ukanigeukia, "Waambie, Baba."

Mwanamke yule akaniangalia. Alikuwa ameisikia televisheni kwa masikio yake mwenyewe. Neno moja tu kutoka kwake lingenivua nguo mbele yako. Hakulisema. Alinisubiri, kalamu mkononi, akaniachia nafasi niseme mwenyewe. Nikatazama zulia. Lilikuwa la bluu, lina barabara za kuchezea magari, na nilizifuata barabara zile kwa macho mpaka akakata tamaa.

Ulikaa miezi minane kwa Atu. Siku nilipoleta begi la nguo zako, shangazi yako alinizuia mlangoni akaniambia, "Kaka, mimi sitamwambia. Ila akiniuliza, sitamdanganya." Hukumuuliza kamwe. Uliniamini mimi, ungemuuliza wa nini?

Kila Jumamosi nilipokuja kukuona ulinipokea na swali lile lile: "Treni zimetembea leo, Baba?" Nami najibu zimetembea, mama. Mpaka sasa wewe ni mtu mzima na huvuki kizingiti bila kuangalia treni kwenye simu. Rafiki zako wanakutania, unasema ndivyo ulivyozaliwa. Hukuzaliwa hivyo, ni mimi niliyekuweka hivyo. Wiki hii umeangalia treni ya kesho mara tano mbele yangu, na kila mara nimetamani kukunyang'anya simu hiyo nikaitupa. Pombe niliinywa mimi. Picha uliiona wewe, na wala hukujua ni picha ya nini.

Niliacha, hilo unalijua, ingawa ulidhani naacha bia za Jumapili. Usinifikirie shujaa. Yule yule wa koti la kijani ndiye aliyenipa karatasi yenye anwani ya ukumbi fulani wa kanisa, watu wanakaa kwenye viti vya plastiki wakieleza habari zao. Nilikwenda mara sita bila kufungua mdomo. Mara ya saba zamu ikanifikia, Kiingereza kikanikimbia chote. Nikawaambia naomba niseme kwa lugha yangu. Wakasema karibu, kwa moyo wote. Basi nikamwaga. Treni, blanketi, hodi, zulia, kila kitu, kwa Kiswahili, mbele ya Waingereza kumi na mmoja. Nililia. Na wao wakalia. Wakapiga makofi, mzee mmoja akaniletea keki, akaniambia kwamba ameguswa sana.

Hakuna aliyeelewa hata neno. Nilitoka pale nikijisikia mwepesi kama mtu aliyetua mzigo, na miaka tisa nikawa najidanganya kwamba nimeshasema. Kumbe nilikuwa nimetafuta watu pekee London nzima ambao ningeweza kuwaambia ukweli wasiujue. Leo ndiyo mara ya kwanza naandika kwa lugha hii kwa mtu anayeielewa.

Sikuambii usiende Glasgow. Sikuambii ubadilishe masomo, potelea mbali barua ile, umekubaliwa kwa akili zako na si kwa treni. Lakini kuna siku utakuwa wewe ndiye mwenye koti la kijani, Sekela. Mtoto atasimama akupigie meza. Naye atakuwa anasema kweli yote anayoijua, kama ulivyosema wewe. Msikilize mtoto huyo. Halafu mtazame baba yake, na ukiweza, msubiri kidogo kama nilivyosubiriwa. Na yule mama, nakuomba, mtoe kwenye moyo wako. Alijua yote na akakuacha uendelee kunipenda.

Kuna jambo jingine, na hili naliandika haraka kabla sijaona haya. Nauogopa usiku wa kesho. Nyumba hii itakuwa kimya kama ilivyokuwa mwaka ule. Nimeshafikiria nitawasha televisheni saa ngapi, nimeshafikiria nitaweka wapi viti ili chako kisionekane kitupu. Sisemi siogopi chupa, nikisema hivyo nitakuwa nimerudi kwenye treni. Naiogopa, na nikizidiwa nitakwenda kwenye viti vya plastiki, au kwa Atu, au nitatembea mpaka miguu iume. Ila usinipigie simu kwa ajili ya kunilinda. Ulikuwa mtoto wa miaka tisa ukanilinda mbele ya watu wazima, inatosha. Nipigie ukitaka kunisikia. Na usipotaka, nitaelewa, ingawa nitalia, sitakuficha.

Sasa nikueleze nilichofanya saa moja iliyopita, kwa sababu nimeshachoka kuficha.

Nilikuwa nimepanga barua hii niifiche kwenye begi lako, chini kabisa, kati ya masweta. Uikute huko Glasgow. Nilijiambia ni vizuri usome ukiwa umetulia, na mimi niko mbali. Nilifungua zipu. Nikaingiza mkono kati ya nguo, nikagusa kitu kigumu, kimeviringishwa kwenye soksi mbili. Nikakifungua. Kikombe cha babu yako! Asubuhi nilikitafuta jikoni nikadhani nazeeka. Umeniibia, binti wewe. Umeniachia kile cha kawaida cha dukani ili nisigundue mapema.

Nilikaa kitandani kwako nacho mkononi. Nikatazama ndani. Hakina picha, unajua, ni cheupe tu, na pale kilipobanduka ni peusi. Nikaona ninachotaka kufanya ni kile kile. Nataka ufike mbali, peke yako, ndipo ukutane na sura yangu, na mimi nisiwepo kukutazama machoni. Ningekuwa nimejifunika blanketi tena.

Kwa hiyo barua haiingii kwenye begi. Nimekiazima kikombe kwa saa moja, kitarudi kwenye soksi zake, ni chako. Nimechemsha chai ya maziwa, nimetia tangawizi kama unavyopenda na sukari kama mama yako alivyokataza. Nimeinywa polepole wakati naandika ukurasa huu, na nimekubakishia ya chini. Imeshapoa. Naiweka mezani na barua pembeni yake. Ukirudi na nywele zako nzuri utasoma, na mimi nitakuwa kwenye kiti cha mbele yako, simu nimezima, mlango sijafunga. Ukitaka kupiga meza, piga. Ukitaka kuimwaga chai kwenye sinki, ni haki yako, sitasema neno. Ukitaka kulala kwa Atu leo, nitakubebea begi mpaka stesheni.

Nasikia lifti. Labda ni wewe, labda ni jirani. Nimeangalia treni yako ya kesho ya saa tatu, nimeangalia mwenyewe ili wewe usiangalie tena. Zinatembea, mama. Na siku ile pia zilikuwa zinatembea.

Baba